Dramu za Kompyuta kwa Asiyepiga Dramu: Dalili, Chanzo na Tiba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpiga gitaa, mpiga kinanda au mwimbaji anayerekodi nyimbo zake nyumbani bila mpiga dramu, na ambaye dramu zake hutoka katika programu kama EZdrummer, Addictive Drums au Steven Slate Drums, ama katika programu za bure kama MT Power Drum Kit na Hydrogen. Malalamiko mengi kuhusu programu hizi huishia katika shutuma moja, kwamba dramu zake si za kweli. Mara nyingi shutuma hiyo haina haki. Sauti zilizomo katika nyingi ya programu hizi ni za dramu halisi zilizopigwa na mtu mbele ya maikrofoni, kila ngoma ikirekodiwa mara nyingi kwa nguvu tofauti, na kazi ya programu ni kuchagua rekodi ipi itoke pindi ujumbe wa MIDI, yaani maelekezo ya noti ipi ipigwe na kwa nguvu gani, unapofika. Kisicho cha kweli ni upigaji, kwa kuwa tumeiagiza programu ifanye mambo ambayo mwili wa mpiga dramu usingeyafanya. Kwa hiyo nashauri kwamba chanzo kitafutwe katika noti na katika mipangilio ya kompyuta kabla mtu hajafikiria kununua programu nyingine.

Jaribio la kutenganisha vyanzo

Kabla ya kubadili chochote, fungua mojawapo ya midundo iliyotayarishwa na watengenezaji wa programu yenyewe, uicheze peke yake, kisha uicheze pamoja na wimbo wako. Ikiwa hata mdundo huo hausikiki, unakwaruza au unakatikakatika, tatizo liko katika kompyuta au katika mipangilio ya sauti. Ikiwa unasikika ukiwa hai, ilhali ule ulioandika wewe ni mkavu, tatizo liko katika noti zako. Ikiwa ni mzuri ukiwa peke yake lakini unaharibika mara tu gitaa na sauti ya mwimbaji vinapoingia, basi ama kasi ya wimbo haijapatana na mdundo, ama uchanganyaji wa sauti una kasoro. Jaribio hili huchukua muda mfupi na huzuia mtu kupoteza jioni nzima akirekebisha mahali ambapo hapana hitilafu.

Hakuna sauti, au inalia ngoma isiyotakiwa

Ukibonyeza kitufe cha kinanda ukitarajia kiki, yaani ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, kisha ukasikia tomu (mojawapo ya ngoma za kujazia) au toazi, chanzo ni ramani ya noti. Mfumo wa General MIDI, uliotangazwa mwaka 1991, uliipa kila ngoma namba yake: kiki ni 36, sinea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) ni 38, haihati (jozi ya matoazi inayofunguliwa na kufungwa kwa mguu) iliyofungwa ni 42, haihati inayofungwa kwa kanyagio ni 44, haihati iliyo wazi ni 46, toazi la krashi (la kutia mkazo) ni 49 na la raidi (la kushika muda) ni 51. Programu nyingi za dramu hufuata namba hizi kwa sehemu kubwa, kisha kila moja huongeza zake kwa ajili ya mapigo ya ukingoni mwa sinea, kitovu cha raidi na hatua mbalimbali za kufunguka kwa haihati. Hapo ndipo mdundo ulioandikwa kwa programu moja huvurugika unapohamishiwa katika nyingine. Tafuta katika mipangilio orodha ya ramani zilizokwisha kuandaliwa, uchague ile inayolingana na chanzo cha noti zako, badala ya kuhamisha noti moja moja kwa mkono.

Tahadhari moja huwasumbua wengi: noti namba 36 huitwa C1 katika baadhi ya programu za kurekodia na C2 katika nyingine, kwa kuwa watengenezaji hawakukubaliana namba ya oktava ya C ya kati. Mtu anayefuata maelekezo kwa herufi anaweza kujikuta oktava nzima mbali na mahali panapohitajika, kwa hiyo ni salama zaidi kufuata namba.

Ikiwa hakuna sauti kabisa, angalia kwanza kama traki ya MIDI imeelekezwa kwenye programu ya dramu, na kama folda ya sampuli, yaani zile rekodi za ngoma, bado iko pale ilipokuwa. Anayeweka sampuli katika diski ya nje, kisha akaichomeka siku nyingine ikapewa jina au herufi tofauti, ataikuta programu ikifunguka kama kawaida bila kutoa sauti yoyote.

Pigo linatoka baada ya kidole

Ucheleweshaji unaousikia wakati unapiga kwenye kinanda hutokana zaidi na bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli 256 (hapa sampuli ni vipande vidogo mno vya sauti ambavyo kompyuta huvihesabu), kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua takribani milisekunde 5.8, na ile ya 1,024 huchukua takribani milisekunde 23. Juu ya hapo huongezeka muda wa intafesi ya sauti (kifaa kinachounganisha ala na maikrofoni na kompyuta) na wa kinanda chenyewe. Ya kwanza huvumilika. Ya pili humfanya mtu apige mapema bila kujua ili sauti itoke kwa wakati anaousikia, na noti zake zikaandikwa zikiwa zimetangulia. Wakati wa kupiga, teremsha bafa hadi 128 au 256. Wakati wa kuchanganya, ipandishe tena. Kwenye Windows, tumia draiva ya ASIO (programu inayoiunganisha kompyuta na intafesi kwa ucheleweshaji mdogo) ya intafesi yako, na kama unategemea kadi ya sauti iliyomo ndani ya kompyuta, draiva ya ASIO4ALL husaidia.

Visikilizi vya Bluetooth havifai kabisa kwa kazi hii, kwa sababu ucheleweshaji wake aghalabu hupita milisekunde 100, na hakuna mpangilio wa bafa utakaouondoa. Tumia vyenye waya.

Ikiwa dramu zinasikika sawasawa wakati wa kupiga lakini gitaa ulilorekodi baadaye ndilo linaloonekana kuchelewa, usisogeze dramu. Tatizo liko katika fidia ya ucheleweshaji wa kurekodi, nalo hurekebishwa katika mipangilio ya programu ya kurekodia.

Sauti inakwaruza au inakatika

Hapa mara nyingi ni bafa iliyoteremshwa mno, RAM iliyojaa, au diski ya zamani isiyosoma haraka. Seti kubwa za dramu hupakia sampuli za maikrofoni nyingi kwa wakati mmoja; zima zile za chumbani usizozihitaji, ondoa ngoma ambazo hazipigwi katika wimbo huo, na ukishamaliza kuandika noti, geuza traki kuwa sauti ya kawaida ili processa ipumue. Kwenye kompyuta ya mkononi, hakikisha pia kwamba haijawekwa katika hali ya kuokoa betri, kwa maana hali hiyo huipunguzia processa kasi, na dalili zake hufanana kabisa na za programu mbovu.

Dramu zinalia kama cherehani

Hii ndiyo dalili inayotajwa kuliko zote, na chanzo chake karibu kila mara ni nguvu ya pigo. Katika MIDI kila noti hubeba namba ya nguvu kuanzia 1 hadi 127. Anayeandika noti kwa kipanya hupata namba ileile kwa kila pigo, kwa mfano 100, na matokeo yake programu hurudi katika kundi lilelile la sampuli tena na tena. Programu nzuri huzungusha rekodi kadhaa za nguvu hiyohiyo ili pigo lisijirudie lilivyo, lakini mzunguko huo hauwezi kuficha ukweli kwamba mapigo yote ni ya mtu asiyepumzika.

Anza na haihati, kwa kuwa ndiyo inayopigwa mara nyingi zaidi. Kama unapiga mapigo manane, mawili kwa kila hesabu, katika kipimo cha mapigo manne, yape yale yanayoangukia juu ya hesabu nguvu ya 85 hadi 95, na yale ya katikati 55 hadi 70. Badiliko hilo pekee hufanya mdundo uanze kutembea. Kisha uende kwenye sinea: mapigo makuu ya hesabu ya pili na ya nne yakae kati ya 105 na 118, na lile la mwisho wa mzunguko lizidi kidogo. Katikati ya hayo mapigo makuu, wapiga dramu hugusa sinea kwa upole mno, miguso ambayo msikilizaji haitambui moja moja ila huihisi ikikosekana. Iandike kwa nguvu ya 20 hadi 40, na isiwe mingi. Namba hizi ni za kuanzia tu, kwa sababu kila seti ya dramu hugawanya ngazi zake kwa namna yake, na sikio ndilo litakaloamua.

Namba 127 itumike kwa nadra. Katika seti nyingi huita rekodi ya ngoma iliyopigwa kwa nguvu zote za mpigaji, na wimbo ambao kila pigo lake ni 127 humchosha msikilizaji kabla ya kiitikio cha kwanza, hata ukipunguza sauti ya traki, kwa kuwa umbo la sauti ya ngoma iliyopigwa kwa nguvu ni tofauti na la ile iliyopigwa taratibu. Wanaolalamika kwamba dramu zao ni kali mno huzipunguza kwenye kichanganyio, na ukali unabaki palepale. Wangepunguza nguvu ya mapigo, wangepata sinea nyingine kabisa, laini na yenye mwili.

Nguvu zinatofautiana, lakini bado hasikiki mtu

Wengi wakifika hapa hubonyeza amri ya kubahatisha, ile inayosogeza noti huku na kule na kubadili nguvu zake ovyo. Kwa maoni yangu amri hiyo hudhuru zaidi ya kusaidia. Mpiga dramu mzuri hakosei ovyo. Huegemea upande mmoja kwa makusudi, na huegemea hivyo wimbo mzima. Ukitaka mdundo ukae nyuma, chelewesha mapigo yote ya sinea kwa milisekunde 5 hadi 10 na uache kiki juu ya gridi, yaani mistari ya muda katika programu ya kurekodia. Ukitaka usukume mbele, tangulize haihati kidogo. Uthabiti wa mwelekeo huo ndio unaosikika kama mtu.

La muhimu zaidi ni kuhesabu viungo. Mpiga dramu ana mikono miwili na miguu miwili, na kila noti uliyoiandika lazima iwe na kiungo chake. Simamisha wimbo mahali popote na ujiulize nani anapiga nini: kama sinea, haihati na krashi vinalia kwa wakati mmoja, umeandika mikono mitatu. Ondoa haihati pale krashi inapoingia. Vilevile, krashi hupigwa pamoja na kiki au sinea karibu kila mara. Ikilia peke yake husikika kana kwamba imeanguka. Na unapoandika mapigo ya kujazia kwenye tomu mwishoni mwa beti, futa haihati ya mkono katika sehemu hiyo yote, kwa sababu mikono yote miwili imeshahamia kwenye tomu. Ukitaka kitu kishike muda, mguu wa kushoto unaweza kufunga haihati, ambayo ni noti 44.

Kosa jingine ni gumu zaidi kulitambua. Katika kasi ya 120, yaani hesabu 120 kwa dakika, mapigo manne ndani ya kila hesabu yana maana ya mapigo manane kwa sekunde, na wapiga dramu wengi huyagawa kwa mikono miwili juu ya haihati. Mkono wa kulia unapoteremka kupiga sinea katika hesabu ya pili na ya nne, haihati haipigwi papo hapo. Ukiacha haihati iendelee chini ya sinea, mdundo unakuwa mzito bila sababu inayoonekana, na hakuna ikwalaiza (kirekebishi cha sauti nzito na nyembamba) itakayoutibu. Futa noti hizo mbili katika kila kipimo, kisha usikilize nafasi iliyofunguka.

Haihati iliyo wazi nayo lazima ifungwe. Baada ya noti 46, weka 42 au 44 mahali unapotaka mlio ukome. Vinginevyo toazi litaendelea kuvuma juu ya mapigo yanayofuata.

Shule bora kwa asiyepiga dramu ni kumtazama mpiga dramu akiwa kazini, kanisani, ukumbini au kwenye video, bila kusikiliza wimbo, bali kufuata mkono mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayefanya hivyo hugundua kwamba mapigo mengi anayoyadhania kuwa ya lazima hayapo, na kwamba mpigaji hutumia muda mwingi kushika njia kuliko kujionyesha.

Mdundo unapigana na wimbo

Wakati mwingine noti ni nzuri, sauti ni nzuri, lakini wimbo hauchezeki. Angalia gridi. Mtu anayerekodi chakacha, ambayo huhesabiwa kwa 6/8, akiacha gridi katika mgawanyo wa nne kwa kila pigo kisha akatumia amri ya kwantaizi (inayovuta noti hadi kwenye mistari ya gridi), atauvunja mdundo wake mwenyewe. Tuchukue pigo kuu katika kasi ya 120, lenye urefu wa milisekunde 500. Mapigo matatu ya ndani yanapaswa kuangukia 0, 167 na 333. Gridi ya nne itayavutia kwenye 0, 125 na 375, na mzunguko uliokuwa ukiviringika utaanza kuchechemea. Weka wimbo katika 6/8 au 12/8, au uchague gridi ya tatu kwa pigo, kabla hujaandika noti ya kwanza. Midundo mingi inayokuja na programu hizi ni ya roki na popu katika 4/4. Folda ya 6/8 kwa kawaida ipo ndani, ila ni ndogo, na mara nyingi itabidi uchukue kiunzi chake na kubadili kiki mwenyewe.

Hali ni hiyohiyo kwa sebene, ile sehemu ya kuchezea yenye kasi katika rumba ya Kongo. Hakuna mdundo wa roki utakaoibeba, hata ukipandishiwa kasi. Mfumo mmoja unaosikika sana huweka kiki katika kila pigo kati ya manne, na sinea, ukigawa kipimo katika nafasi 16, ikaangukia nafasi ya 1, 4, 7, 11 na 12. Andika hayo kwa mkono, ipe nafasi ya 12 nguvu kidogo zaidi ya 11, na utaona gitaa la solo likipata mahali pa kukanyaga. Ni kazi ya dakika chache, nayo inafaa kuliko kutafuta katika maelfu ya midundo iliyotengenezwa kwa muziki wa kwingine.

Kama gitaa lilirekodiwa bila metronomu, dramu zitaanza pamoja nalo na kuachana nalo baada ya vipimo vichache. Hapo kuna njia mbili: kurekodi upya kwa kufuata metronomu, au kutengeneza ramani ya tempo inayofuata gitaa, kazi ambayo programu kama Reaper, Cubase na Logic huiwezesha. Ya kwanza ni ya haraka. Ya pili huhifadhi pumzi ya uimbaji wa awali, na kwa wimbo wa taratibu wenye hisia nyingi naipendelea, ingawa inahitaji subira ya kuweka alama katika kila kipimo. Angalia pia kama kasi iliyoandikwa si nusu au mara mbili ya kasi halisi: wimbo wa 75 ukiandikwa 150, kila mdundo utakaouburuta ndani yake utakimbia.

Ni nzuri peke yake, lakini ndani ya wimbo zinakaa kando

Seti nyingi hufunguka zikiwa zimeshapakwa kompresa (inayobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo), ikwalaiza na mwangwi ili zimvutie mnunuzi. Ukiongeza kompresa yako juu ya hiyo, mapigo yanabanwa mara mbili na dramu zinapoteza pumzi. Anza na seti iliyoandikwa kuwa haijachakatwa, au zima athari za ndani moja baada ya nyingine huku wimbo wote ukicheza.

Chanzo cha pili ni chumba. Sauti ya mwimbaji iliyorekodiwa karibu na kabati la nguo ni kavu, ilhali dramu zinatoka katika ukumbi mkubwa. Sikio halikubali kwamba watu hawa walikuwa pamoja. Teremsha maikrofoni za chumbani, kisha upeleke gitaa, sauti na kiasi kidogo cha sinea katika mwangwi mmoja wa pamoja. Lakini usizime maikrofoni za juu, zile zinazoning'inizwa juu ya seti nzima, kwa kuwa katika seti nyingi ndizo zinazobeba matoazi, na ndizo zinazoziunganisha ngoma ziwe chombo kimoja.

Kiki ikipotea chini ya besi, usikimbilie kuongeza uzito wake wa chini. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi huanzia takribani hezi 41, na kiki nyingi hukaa jirani na hapo, kwa hiyo kuongeza huko hujaza tope. Chagua chombo kimoja kikae chini kabisa, kisha uinue mlio wa nyundo ya kiki kati ya hezi 2,000 na 5,000, ambao husikika hata kwenye spika ya simu. Ukichanganya kiki mbili, geuza poleriti (mwelekeo wa mawimbi ya sauti) ya mojawapo na ubakize upande unaotoa sauti nene zaidi.

Faili la mwisho halifanani na ulichosikia

Programu nyingi huchagua sampuli kwa mzunguko, na nyingine hubahatisha, kwa hiyo kila ukitoa faili, mapigo hutofautiana kidogo. Ukipata toleo unaloridhika nalo, ligeuze kuwa sauti kwanza, kisha uendelee kuchanganya. Kama dramu zote zinasikika chini kwa takribani nusu-toni moja na nusu na wimbo umepungua kasi, faili la 48,000 linachezwa kana kwamba ni la 44,100. Linganisha kiwango cha mradi na cha intafesi. Na kama krashi ya mwisho inakatwa ghafla, ongeza sekunde kadhaa tupu baada ya kipimo cha mwisho kabla ya kutoa faili.